Kinamasi cha kwenye beseni: mimea inayokula wadudu ikianza kuharibika

Mtego-nzi, mmea ambao majani yake hujifunga kama taya kunasa wadudu, ukionyesha ncha nyeusi, mkono wa mkulima wa kwetu hukimbilia samadi. Kwa mchicha na migomba ni mazoea mazuri. Kwenye kinamasi cha mimea inayokula wadudu ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Mtego-nzi, sarasenia yenye majani ya umbo la mitungi na drosera yenye matone ya gundi hula wadudu kwa sababu udongo wa kwao hauna kitu, na mizizi yao haina uwezo wa kuhimili madini mengi. Mbolea, majivu, mboji, udongo mweusi wa shambani, hata maji ya bomba yaliyo salama kabisa kwa kunywa, vyote huiua. Vinatofautiana kasi tu.

Kwa hiyo ukiona dalili yoyote, acha kwanza kuongeza kitu. Angalia jani jipya, kisha pima maji.

Jani jipya linasema nini

Piga magoti uangalie kitovu cha mmea, pale majani yote yanapochomoza. Kama jani changa limesimama, ni la kijani safi na linafunguka vizuri, basi kilichochoma majani ya nje kimeshapita, au ni uzee tu. Majani ya mtego-nzi huzeeka na kuwa meusi moja moja, kuanzia ya nje, mwaka mzima. Yakate kwa mkasi, usiwe na wasiwasi.

Kama jani changa lenyewe limepauka, limejikunja au limekuwa jeusi kabla ya kufunguka, tatizo linaendelea leo hii. Hapo ndipo uanze kutafuta chanzo.

Ncha nyeusi kwenye majani mengi kwa pamoja, ukoko mweupe juu ya udongo

Hii ni chumvi, na ndiyo inayoua mimea mingi zaidi kuliko sababu nyingine zote hapa chini. Kwaruza ukoko ule kwa kucha. Ukisagika kama chaki na ukarudi ndani ya wiki chache baada ya kuuondoa, huna haja ya ushahidi mwingine.

Hesabu yake ni rahisi. Beseni lenye upana wa sentimita 50 hupoteza karibu lita 1 ya maji kwa siku ya jua na upepo. Maji huenda hewani, madini hubaki. Ukirudishia lita 1 ya maji ya kisima yenye miligramu 300 za madini kwa lita, unaacha gramu 0.3 kila siku. Kwa mwezi ni gramu 9, kwa mwaka zaidi ya gramu 100 za chumvi kwenye beseni moja. Ndiyo maana mmea hupendeza miezi mitatu ya mwanzo, halafu huanza kufa bila wewe kubadilisha chochote.

Nunua kipimo cha TDS, yaani jumla ya madini yaliyoyeyuka majini, kile kidogo kama kalamu. Maji ya kumwagilia yawe chini ya miligramu 50 kwa lita. Kati ya 50 na 100 yanavumilika kwa muda mfupi tu. Zaidi ya hapo usiyatumie. Visima vingi vya Bonde la Ufa, pamoja na maeneo ya Arusha, vina bikaboneti na floridi nyingi. Visima vya pwani vingi vina chumvi ya bahari. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, chumvi nyingi hubaki. Chujio la mkaa huondoa klorini na harufu, haliondoi madini yaliyoyeyuka. Maji ya chupa pia yapime, kwa sababu mengi yameongezewa madini kwa ajili ya ladha.

Yanayofaa ni maji ya mvua, maji yaliyosafishwa kwa mashine ya osmosisi bila kuongezewa madini, na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi baada ya kuyapima. Kuvuna mvua si kazi kubwa: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 10 likinyeshewa milimita 20 linakupa karibu lita 200, akiba ya miezi kadhaa kwa beseni moja. Acha dakika 10 za mwanzo zipite, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, maana huosha vumbi na vinyesi vya ndege. Hifadhi kwenye tangi la plastiki. Tangi jipya la saruji hutoa chokaa, na mvua safi uliyoiingiza hutoka ikiwa maji magumu.

Ili kuosha beseni lililokwisha kula chumvi, mwaga maji ya mvua polepole juu, lita 10 kwa mara moja, yatoke kwenye tundu la pembeni. Beseni la lita 65 linahitaji lita 60 hadi 90. Pima yanayotoka, yakishuka chini ya 100, simama. Rangi ya chai si tatizo, ni asili ya pitimosi, yaani mosi ya kinamasi iliyooza nusu ambayo ndiyo udongo wa mimea hii. Yakikataa kushuka baada ya lita 90, chanzo kimo ndani ya mchanganyiko wa udongo wenyewe, na itabidi uufumue wote.

Beseni na mchanganyiko vinavyopaswa kuwa

Matatizo mengi yaliyobaki huzaliwa siku ya kujaza, kwa hiyo linganisha chako na hiki.

Chombo kiwe cha plastiki au faibaglasi, kina cha sentimita 30 hadi 40, upana wa 45 au zaidi. Chungu cha udongo hunyonya maji na kuyatoa pembeni, kikiacha chumvi. Saruji hutoa chokaa. Rangi iwe nyeupe au ya kung'aa, kwa sababu beseni jeusi kwenye jua la mchana hupika mizizi. Liweke mahali pake kabla ya kujaza: likishalowa linapita kilo 60.

Usitoboe chini. Toboa matundu mawili ya sentimita 1 pembeni, kwenye usawa ulio sentimita 12 chini ya pale udongo utakapoishia. Hapo ndipo maji yatasimama mvua ikizidi. Simamisha paipu ya PVC ya inchi moja na nusu kutoka juu hadi chini, iliyotobolewa upande wa chini. Kijiti ukikitumbukiza humo kinakuonyesha maji yalipo bila kubahatisha. Yakibaki sentimita 5 tu kutoka chini, mwagilia.

Mchanganyiko ni ndoo 2 za lita 20 za pitimosi isiyo na mbolea kwa ndoo moja na nusu ya mchanga na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mawe ya volkano. Soma mfuko wa pitimosi mpaka mwisho: ukiandikwa kuwa umeongezewa virutubisho au chokaa, uache dukani. Mchanga uwe wa mto, punje za milimita 1 hadi 2, ulioshwa mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni haufai, una vipande vya makombe na matumbawe. Wa mto nao ujaribu: weka kijiko kimoja kwenye kikombe, mimina siki, sogeza sikio. Ukisikia mchemko au ukiona vipovu vikipanda kati ya punje, kuna chokaa. Tafuta mwingine.

Makumbi ya nazi yaliyosagwa ni rahisi kupatikana pwani, lakini hutoka na chumvi nyingi. Yanatumika tu ukiyaloweka na kuyakamua mara nyingi kwa maji ya mvua, mpaka maji ya kukamulia yasome chini ya 50. Pale pitimosi inapopatikana, itumie hiyo.

Pitimosi kavu hukataa maji. Itaelea na kubaki na vumbi katikati. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu, uivuruge kwa mkono. Ikamue kwenye ngumi: ikitoa matone machache iko sawa. Ikiruka vumbi, bado. Jaza tabaka la sentimita 10 kwa mara moja bila kushindilia, acha beseni wiki mbili, pima maji ya kwenye paipu, ndipo upande.

Kitovu kimelainika, harufu ya yai viza

Vuta jani taratibu. Likitoka bila kushikilia, na chini yake pana rangi ya kahawia na ute, kitovu kinaoza. Sababu ni mojawapo ya hizi: ulizika kitovu, tundu la pembeni limeziba, au mchanganyiko umeshindiliwa mpaka hauna hewa.

Harufu ya yai viza ikitoka kwenye paipu, hewa imekwisha ndani na bakteria wasiohitaji oksijeni wameshika usukani. Hutokea sana wakati wa masika. Zibua tundu kwa waya, shusha maji mpaka yabaki sentimita 5 chini, acha udongo uvute hewa kwa siku nne au tano, halafu rudisha maji kwa kiasi. Kama mchanganyiko una zaidi ya miaka minne, pitimosi imekwisha kuwa uji, badilisha wote.

Mmea wenyewe ung'oe, osha, kata kila kilicho laini mpaka ufikie tunguu, yaani shina nono la chini ya udongo, jeupe na gumu. Hata kipande cha sentimita 2 cha mtego-nzi chenye mizizi michache kinaweza kuchipua upya. Panda tena kipande hicho huku kitovu kikiwa usawa wa udongo, sehemu nyeupe tu ndiyo ifunikwe. Sarasenia hulazwa, nusu ya tunguu ikionekana juu, ncha inayokua ikiwa na nafasi mbele yake. Mitego-nzi ipishane sentimita 10, sarasenia 20 hadi 25.

Majani marefu, legelege, hayana wekundu

Jua halitoshi. Mitungi ya sarasenia ikilala chini na mitego ikawa ya kijani tupu, mmea unatafuta mwanga. Unahitaji saa 6 za jua la moja kwa moja, si mwangaza wa barazani. Kivuli cha mwembe hakifai, na majani yake yanayodondoka yataongeza uozo.

Lakini usiutoe kivulini na kuuweka juani siku hiyo hiyo. Majani yaliyokulia kivulini huungua kwa mabaka meupe au ya kahawia ndani ya siku mbili. Anza na jua la asubuhi hadi saa nne, ongeza saa moja kila siku mbili. Joto la pwani wakati wa kaskazi ni jambo jingine: jua la asubuhi hadi saa saba, kisha kivuli chepesi cha neti, kunusuru mizizi na si majani.

Drosera haina matone

Ikiwa imehamishwa karibuni, ipe wiki mbili. Mvua kubwa pia huosha gundi, na hurudi baada ya siku mbili tatu. Ikipita hapo, chunguza upepo kwanza, kisha jua, kisha chumvi. Beseni lililo kwenye kona inayopigwa na upepo siku nzima halitatoa umande hata maji yakiwa safi. Lisogeze nyuma ya ukuta mfupi au ua. Kunyunyizia majani maji mara kwa mara hakusaidii, kunaosha gundi ile ile unayoitaka.

Mitego haifungi, au inaoza baada ya kula

Mtego hufunga vinywele vya ndani vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi. Kila mtego una idadi ndogo ya kufunga kabla haujachoka, kwa hiyo watoto na wageni wanaochezea kwa vidole wanauzeesha bila faida. Mmea mgonjwa au uliokosa jua hufunga polepole au haufungi kabisa.

Mtego uliofunga na kuwa mweusi mara nyingi umelishwa vibaya. Nyama, dagaa, jibini na mabaki ya mezani huoza ndani. Mdudu asizidi theluthi moja ya mtego, la sivyo kingo hazibani na bakteria huingia. Beseni la nje halihitaji kulishwa hata kidogo; nzi na sisimizi hujileta. Mtego mmoja ukiwa mweusi baada ya mlo wa tatu au wa nne, umemaliza kazi yake.

Mitungi ya sarasenia huungua katikati ikijaa wadudu kupita kiasi, doa la kahawia likianzia pale lundo la nzi lilipo. Si ugonjwa. Weka pamba kidogo mdomoni mwa mtungi ukitaka kuuhifadhi.

Majani mapya yaliyopinda, sisimizi wakipanda na kushuka

Sisimizi wanaokwenda kwenye kitovu wanafuata vidukari. Tafuta kwa kioo cha kukuzia chini ya majani machanga: vidude vya kijani au vyeusi, vidogo kuliko mbegu ya mchicha. Ng'oa mmea wote na uzamishe kwenye ndoo ya maji ya mvua kwa saa 24 hadi 48, kisha urudishe. Rudia baada ya wiki moja kwa wale waliozaliwa. Mtego-nzi huvumilia kuzamishwa bila shida.

Sabuni ya vyombo usiitumie, ina chumvi. Dawa ya pareto inafaa, lakini nyingine zimechanganywa na mafuta; jaribu jani moja kwanza, ungoje siku tatu. Vidung'ata vyeupe kama pamba hujificha kwenye mikunjo ya sarasenia. Watoe kwa kijiti chenye pamba kilicholoweshwa spiriti, mmoja mmoja.

Sisimizi wakijenga kiota ndani ya udongo, sehemu ya juu ni kavu mno. Pandisha maji mpaka usawa wa tundu kwa siku mbili, watahama.

Mtego-nzi unapungua kila mwaka ingawa maji ni safi

Hili ndilo tatizo la kweli la Afrika Mashariki, na halisemwi vya kutosha na wanaouza mimea hii. Mtego-nzi asili yake ni eneo dogo la pwani ya North Carolina na South Carolina, Marekani, ambako siku hufupika na usiku wa Januari hukaribia nyuzi sifuri. Huko hulala, yaani huacha kukua, miezi mitatu hadi minne. Sarasenia nayo hulala. Karibu na ikweta siku ni za saa 12 mwaka mzima. Nairobi mwezi Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 12 usiku, na Dar es Salaam haifiki huko kamwe. Mmea usiolala huchoka, na kwa kawaida hufa mwaka wa pili au wa tatu.

Njia ya kwanza ni friji. Mwezi Juni ng'oa, kata majani yaliyokufa, osha tunguu, funga kwenye mosi ya sfagnamu (mosi ndefu ya kinamasi) iliyokamuliwa mpaka isidondoke, tia kwenye mfuko wa kufungika, weka droo ya mboga, nyuzi 3 hadi 6. Kagua kila wiki mbili. Ukiona ukungu wa kijivu, kata, osha, nyunyiza unga wa salfa. Toa mwezi Septemba. Mmea utaonekana kama umekufa, na utachipua baada ya wiki tatu hadi sita. Mmea ukichipuza bua la maua mwaka huo huo, likate likifika sentimita 5, maana kuchanua humaliza nguvu.

Njia ya pili, ambayo kwa pwani ndiyo tunayoipendekeza bila kusita, ni kuachana na mimea inayolala. Drosera capensis na Drosera spatulata hukua mwaka mzima. Utricularia sandersonii na Utricularia livida hutandaza maua madogo juu ya udongo na kutega wadudu wadogo sana chini yake. Drosera madagascariensis ni mwenyeji wa vinamasi vya Tanzania na Uganda. Itafute kwa mbegu kutoka kwa wakuzaji. Usiing'oe kinamasini, maana vinamasi vyenyewe vinakaushwa kwa kilimo na mimea ya porini hufa haraka ikihamishwa.

Umefika kwa posta, majani yote yamekufa

Mmea uliosafirishwa bila udongo hupoteza majani. Ukikuta tunguu ni jeupe na gumu, panda, weka kivuli chepesi, subiri wiki 4 hadi 6. Kuagiza kutoka nje kunahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea: KEPHIS kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania. Mtego-nzi na sarasenia pia wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hiyo muuzaji aambatanishe karatasi zake. Asiyetaka kuzitoa mwache; wizi wa mitego-nzi porini ni tatizo kubwa kiasi kwamba North Carolina ililifanya kuwa kosa kubwa la jinai kuanzia Desemba 2014.

Mwani, ukungu na mbu

Utando wa kijani unaoteleza juu ya udongo ni ishara ya madini au mbolea. Rudi kwenye kipimo cha maji. Mosi laini ya kijani haina madhara, ila ipunguze ikianza kufunika drosera ndogo. Ukungu mweupe juu ya mdudu aliyekufa ni wa kawaida. Ukungu wa kijivu kwenye majani hai hutokea nyanda za juu Juni na Julai: kata majani yote yaliyokufa, panua nafasi, ruhusu upepo.

Mbu hawazaliani kwenye beseni lenye maji chini ya udongo. Huzaliana kwenye sahani ya maji iliyowekwa chini ya vyungu vidogo, na kwenye paipu iliyoachwa wazi. Pwani, ambako mbu wa dengi hutaga kwenye maji machache kama hayo, sahani iondoe kabisa na mdomo wa paipu uufunge kwa wavu uliokazwa na mpira.

Mbegu hazioti

Mbegu ya mtego-nzi ni nyeusi, inang'aa, ina umbo la tone, na ukubwa wake ni milimita 1 hivi. Ulichonunua kikiwa cha kahawia, bapa, au kimeuzwa kwa picha ya mtego wa bluu, si chenyewe. Kama mbegu ni sahihi, angalia kama ulizifukia. Mbegu za mimea hii hunyunyizwa juu ya pitimosi iliyolowa na huachwa wazi, zikihitaji mwanga. Drosera capensis huota ndani ya wiki 2 hadi 6, mtego-nzi huchukua muda mrefu zaidi, na miche yake huwa na majani ya milimita chache yenye mitego kamili tangu jani la kwanza baada ya yale mawili ya mbegu.